Kilo tatu kwa kila gunia: kisa cha mizani ya chama kimoja cha pamba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kituo kimoja cha kununulia pamba Kanda ya Ziwa. Majina ya watu, ya kijiji, ya chama na ya kampuni iliyonunua yameondolewa, misimu haikutajwa mwaka, na hesabu zimezungushwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya viongozi wa vyama vya msingi, maofisa ushirika na ugani, na yeyote aliyechoka kuambiwa kwamba sisi Watanzania wizi uko kwenye damu. Kauli hiyo waliitoa waliokuwa wakipunja na waliokuwa wakipunjwa, na kila ilipotamkwa mazungumzo yalifia hapo hapo.

Kituo na watu wake

Kituo kilikuwa ghala la matofali lenye paa la bati, meza moja, na mizani ya kuning'iniza yenye uso wa mviringo na mshale. Chama kilikuwa na wanachama mia kadhaa. Wengi walilima ekari mbili hadi nne za pamba, na mahindi na choroko pembeni. Ekari ikipata kilo 250 hadi 300 huko, mwenyewe hushukuru.

Anayepima ni karani. Huyu wa kisa hiki tumwite K., kijana aliyemaliza kidato cha nne, mtoto wa pale pale kijijini. Hakuwa na mshahara; alilipwa kamisheni kwa kila kilo iliyoingia ghalani. Juu yake kulikuwa na bodi ya chama na mwenyekiti aliyekuwa madarakani kwa vipindi viwili. Kampuni ilileta fedha, chama kikawalipa wakulima, na lori likaja kuzoa pamba kuipeleka kiwandani kuchambuliwa.

Kiwandani pamba hupimwa tena, na hapa ndipo ulipo mzizi wa kisa kizima. Pamba iliyonunuliwa asubuhi ikiwa na umande, ikakaa ghalani wiki nzima ikisubiri lori, hunywea. Kilo zilizoandikwa kituoni haziwezi kulingana na zitakazosomwa kiwandani. Pengo hilo watu wa pamba huliita shoti. Kampuni ililikata shoti kwenye fedha za chama, na chama kikamdai karani. Karani aliyemtangulia K. aliuza ng'ombe kulipa shoti ya msimu mmoja. Alipomkabidhi K. meza alimpa somo moja: kila gunia ng'oa kilo mbili, la sivyo utaililia.

K. aling'oa tatu. Moja aliiita ya gunia, ingawa kiroba kitupu hakifiki hata nusu kilo. Moja ya unyevu. Ya tatu ilitokana na mshale ambao haukuanzia kwenye sifuri. Na juu ya hizo, nukta zote zilianguka upande wake: kilo 47 na nusu iliandikwa 47.

Zilikwenda wapi? Sehemu iliziba shoti kweli. Zilizosalia ziliandikiwa stakabadhi kwa majina ya watu ambao hawakuleta pamba: mtu aliyehamia mjini, bibi asiyelima tena, mtoto wa shule. Fedha zilipotoka zikagawanywa. K. alipata fungu lake, mwenyekiti lake kubwa zaidi, wajumbe wawili wa bodi kidogo, na dereva wa lori akapewa ya mafuta.

Wakulima walijua, kama si kwa hesabu, basi kwa mikono, maana mtu aliyelibeba gunia lake kilomita tatu kichwani analijua uzito wake. Majibu yao yakawa maji. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka, pamba ilinyunyizwa, wengine wakatia mchanga, wengine chumvi ili unyevu usiwahi kukauka. Desturi hii haikuanza kwao. Imesumbua pamba ya Tanzania kwa miongo mingi, hasa baada ya ununuzi kufunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 1994. Ila pale kituoni ilikuwa na maelezo yake kamili: yeye anang'oa tatu, mimi narudisha mbili. Na K. naye alikuwa na lake: wao wanatia maji, mimi nitalipaje shoti?

Gunia la kilo 52

Mama M. alikuwa mjane wa ekari mbili. Hakuwahi kutia maji. Sababu yake haikuwa dini wala woga. Alinieleza kwamba pamba iliyolowa huchemka ikirundikwa, hubadilika rangi, na yeye hakuvumilia kuiharibu kazi ya miezi sita kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja katikati ya msimu alipitia dukani kwa mnunuzi wa mpunga, ambaye mizani yake ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Akaomba kupima. Gunia likasoma 52. Kituoni K. aliandika 48.

"Kijana wangu, zimekwenda wapi nne?"

"Mama, pamba inanywea."

"Kutoka dukani hadi hapa?"

Foleni nzima ilisikia. Aliyefuata nyuma yake, mwanamume mtu mzima, alimgusa bega akamwambia, "Mayu (mama), tulia. Utatuharibia wote." Hakuwa akimtetea karani. Yeye mwenyewe alikuwa na magunia manne yaliyolowa, na upimaji wa haki siku hiyo ungeyaanika magunia yake kabla ya kuianika mizani ya K.

Mama M. alichukua stakabadhi yake ya 48 akaondoka. Jioni akawaeleza wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake ishirini na ushee, na wao wakaanza kupimisha dukani kabla ya kupeleka. Kwa wiki mbili waliandika kwenye daftari moja: kilo za dukani, kilo za kituoni. Pengo halikushuka chini ya kilo tatu hata mara moja.

Mkutano

Mkutano wa wanachama ulikuwa umepangwa kwa ajili ya mambo ya viuatilifu. Mama M. alisimama na daftari. Mwenyekiti alitaka suala lipelekwe kwenye mengineyo, na mengineyo huwa jioni watu wakiwa wameshaondoka. Wanawake walikataa kukaa chini.

Ndipo K. aliposimama bila kuitwa. Watu walitarajia akane. Badala yake aliuliza, "Nani hapa hajawahi kumwagilia pamba?" Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kisha akaeleza habari ya shoti kwa mara ya kwanza mbele ya watu: jinsi kampuni inavyokata, jinsi chama kinavyomdai, ng'ombe wa mwenzake. Wanachama wengi hawakuwa wakiijua habari hiyo. Walidhani kila kilo inayong'olewa huenda tumboni mwa karani.

Hakueleza habari ya majina hewa. Na hakuna aliyemuuliza.

Mtu mmoja akatoa kauli ile: "Jamani, ndivyo tulivyo. Hata mkimtoa huyu, atakayekuja ataiba." Wengi waliitikia kwa kichwa. Aliyelivunja hilo alikuwa mzee wa umri wa miaka themanini hivi, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa pamba enzi za ukoloni. Alisimulia kwamba wakati huo pia mizani ilikuwa inapunja, ikiwa mikononi mwa wanunuzi wa Kiasia, na wakulima wakaweka mpimaji wao kusimama pembeni na kuzisoma kilo upya. Aliyasema haya kwa kifupi, akakaa.

Historia inamuunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, wakiwa na viongozi kama Paul Bomani, walijipanga kwa sababu ya mizani, na upimaji huru vituoni ulikuwa miongoni mwa kazi zao za awali. Kutoka hapo vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kumbe chama kilichokuwa kikimpunja Mama M. kilitokana na watu waliokataa kupunjwa. Miaka kama kumi tu baadaye, mwaka 1966, serikali ililazimika kuunda kamati maalumu kuuchunguza ushirika kwa sababu wakulima walikuwa wanawalalamikia viongozi wao wenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na tangu msimu wa 2018 serikali iliurudisha ununuzi wa pamba mikononi mwa vyama vya msingi. Wanunuzi walibadilika mara zote hizo. Nafasi ya mtu mmoja kusimama peke yake na mizani ambayo mwingine haioni ilibaki, na upunjaji ukabaki nayo.

Waliyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulitokana na mzee yule: mizani ya pili, mali ya wakulima, inunuliwe kwa fedha za ushuru wa chama, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kuwekwa hatua chache kutoka mezani kwa karani. Isomwe kwa sauti. Msomaji asiwe mjumbe wa bodi.

Wa pili ulihusu shoti, na kwangu huu ndio uliokuwa wa busara kuliko yote. Chama kilikwenda kuzungumza na kampuni. Baada ya mvutano wa siku kadhaa ilikubaliwa kwamba upungufu usiozidi kilo moja kwa kila mia uhesabiwe kuwa ni wa kukauka, usidaiwe kwa mtu, na lori lije mapema zaidi. Kampuni ilikubali kwa sababu na yenyewe ilikuwa na maumivu yake. Kilo 100 za pamba mbegu, yaani ambayo haijachambuliwa, hutoa nyuzi theluthi moja hivi na ushee kidogo, kwa hiyo kila kilo ya maji na mchanga iliyolipiwa ni hasara tupu, na mchanga unazila mashine za kuchambulia. Karani sasa hakuwa na sababu ya kujiwekea akiba.

Wa tatu: pamba iliyolowa irudishwe, bila faini na bila kumwaibisha mtu. Chama kilinunua maturubai ya kuianikia pale pale kituoni. Afisa ugani akaja kukumbusha kanuni iliyosahaulika, kwamba pamba ichumwe umande ukishakauka, na safi itenganishwe na fifi, yaani ile chafu, tangu shambani.

Wa nne ulikuwa msamaha. Wanachama wachache walitaka TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, waitwe siku hiyo hiyo. Wengi walikataa, na sababu zao zilieleweka. Msimu ulikuwa katikati na kufungwa kwa kituo kungewakosesha fedha za ada. K. alikuwa mtoto wao. Na karibu kila mtu alikuwa amemwaga maji yake, kwa hiyo nani angetangulia kunyoosha kidole? Likapita azimio kwamba ya nyuma yamekwisha.

Misimu miwili iliyofuata

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Magunia mengi yalirudishwa kwenye turubai, watu wakanung'unika, wengine wakayapakia kwenye baiskeli usiku na kuyapeleka kituo cha jirani, ambako hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Kamisheni ya K. ilishuka. Mwenyekiti akaanza kusema chama kinapoteza ushuru kwa sababu ya wanawake wa daftari.

Kufikia wiki ya nne hali ilibadilika. Watu walipoona mizani mbili zinasema jambo moja kwa gunia lile lile, nukta zikiandikwa, maji yalipungua bila kulazimishwa. Hili linastahili kuzingatiwa na kila mwenye kuamini kwamba mkulima hutia maji kwa sababu ni mwongo. Lori la mwisho la msimu huo lilionyesha upungufu wa kama kilo 40 kwenye tani 10, ndani ya kiwango kilichokubaliwa.

Msimu wa pili mizani ya wakulima ilianza kupatwa na majanga. Kijana aliyekuwa akiisoma alipewa ya soda kila jioni, na akajifunza kusoma kile mezani walichokwisha kuandika. Katikati ya msimu, pamba ilipokuwa imefurika, mizani ikatangazwa kuwa imeharibika. Ilikaa ghalani wiki mbili. Fedha ya ukaguzi wa mwaka haikuwemo kwenye bajeti, ingawa posho za vikao zilikuwemo.

Kikundi cha Mama M. kiliiomba. Kiliilipia ukaguzi, kikaiweka nyumbani kwa mwanachama mmoja pamoja na sanduku la akiba, na wanawake watatu wakaisoma kwa zamu. Wengi walishangaa kwamba hao hawakununuliwa. Sioni la kushangaza. Msomaji alikuwa anasomea kilo za mwenzake aliyekopeshana naye fedha wiki iliyotangulia, na jioni alikuwa anaulizwa mbele ya watu ishirini.

Msimu huo huo kampuni ilileta mizani ya kidijitali inayochapisha stakabadhi. Upunjaji wa mshale ukawa hauwezekani tena. Lakini hesabu za mwisho zilipobandikwa ukutani, jambo lililodaiwa kwa mara ya kwanza na wanawake hao hao, kwenye orodha ya waliouza pamba palikutwa jina la mzee aliyezikwa kabla ya kupanda. Jina lilikuwa na kilo zaidi ya 400.

Safari hii hakukuwa na azimio la msamaha. Taarifa ilipelekwa kwa afisa ushirika wa wilaya na kwa TAKUKURU. Mwenyekiti alijiuzulu kabla ya mkutano wa kumhoji. K. aliondoka mezani, akawapa wachunguzi madaftari yake ya misimu yote, na akaanza kurejesha fungu lake kwa awamu.

Nani hasa alipoteza

Tuchukue bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, iliyokuwa bei elekezi mwaka 2019. Mwenye kilo 500 katika magunia kumi ananyang'anywa kilo 30, yaani shilingi 36,000. Inauma, lakini si kiasi cha kumfanya mtu apande basi kwenda wilayani kulalamika, nauli na siku mbili za kazi zikiwa zimeondoka. Upande wa pili wa meza, kituo kinachopokea tani 200 kwa msimu hukusanya tani 12 kwa mkato huo huo. Ondoa tani tatu za shoti, zinabaki tisa: shilingi 10,800,000. Wanaopoteza ni wengi na kila mmoja anapoteza kidogo. Wanaopata ni wanne watano, na kila mmoja anapata cha kutosha kukipigania. Ndiyo maana kimya kilidumu miaka.

Maji yalikizidisha kimya hicho. Aliyetia maji alikuwa amejirudishia kilo zake mbili, lakini alikuwa pia amejifunga mdomo. Hangeweza kudai mizani ya haki bila kujishitaki mwenyewe. Kila mtu akiwa na hatia ndogo, mwenye hatia kubwa anapata ulinzi wa bure. Katika mpango kama huu mtu mmoja tu ndiye hupoteza pande zote, naye ni asiyeshiriki. Mama M. alipunjwa kilo zake tatu na hakuwa na maji ya kufidia. Majirani zake walimwona mjinga, na kwa hesabu za msimu mmoja mmoja alikuwa anapata hasara kweli. Jamii inapomfanya mwaminifu awe ndiye anayelipia gharama za wengine wote, haina haki ya kushangaa waaminifu wakipungua.

Kuhusu "ndivyo tulivyo"

Kauli hii inataka jibu la dhati, kwa sababu wanaoitoa si wapumbavu. Wameona wizi ukirudi baada ya kila mageuzi: bodi mpya, karani mpya, mizani mpya. Kisa chenyewe kinaonekana kuwaunga mkono, maana msimu wa pili mambo yaliharibika tena.

Lakini waangalie watu wale wale wakiwa mahali pengine. Kikundi cha kuweka na kukopa katika kijiji kile kilikuwa na sanduku lenye makufuli matatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Fedha zilihesabiwa kwa sauti kila kikao mbele ya wote. Kwa miaka yote niliyoifuatilia hesabu yake haikupotea hata shilingi. Miongoni mwa wanachama wake walikuwamo wake wa wajumbe wa bodi. Ni damu ile ile, lugha ile ile, misikiti na makanisa yale yale. Kilichotofautiana ni nani anaona fedha zikihesabiwa, na nani atamuuliza mwenzake kesho.

Tena ni nchi hii hii ya Wasukuma na Wanyamwezi iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoka kuibiwa ng'ombe. Mwizi wa ng'ombe aliwekwa peke yake, hakuna aliyemwomba hata chumvi wala kumpa. Mwizi wa kilo tatu alisalimiwa vizuri na kupewa kiti cha mbele msibani. Haiwezekani watu hao wawe hawajui wizi ni nini. Ng'ombe ana mwenyewe, na akitoweka zizini pengo linaonekana asubuhi. Kilo iliyong'olewa haikuwa na zizi hadi daftari la wanawake lilipoipa.

Mzee mmoja mkutanoni alikariri ahadi ya mwana-TANU: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Kizazi chake chote kiliijua kwa moyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nayo, katika kifungu cha 15, inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Maneno hatukuyakosa hata siku moja, na siyadharau. Ila yalitamkwa chini ya mizani ambayo mshale wake haukuanzia sifuri, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuupeleka mshale kwenye sifuri.

Tume ya Jaji Joseph Warioba kuhusu rushwa, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996, ilitofautisha mtu wa chini anayechukua kwa kuwa kipato hakimtoshi na mkubwa anayechukua kwa tamaa. Kisa hiki kinaonyesha jinsi wawili hao wanavyotegemeana. K. alianza kwa kuogopa kuuza ng'ombe. Mwenyekiti hakuwa na hofu hiyo. Alihitaji tu karani mwenye hofu, na mfumo wa shoti ulimpatia mmoja kila msimu.

Pale msamaha ulipokosea

Sikubaliani na waliosema msamaha wote ulikuwa makosa. Bila huo, K. asingesimama, na bila K. kusimama habari ya shoti isingetoka, na bila shoti kuondolewa karani yeyote angerudia yale yale. Kuwakamata watu siku ile kungeleta karani mpya chini ya deni lile lile.

Kosa lilikuwa kufunga mambo mawili tofauti katika furushi moja. Kilo zilizong'olewa na maji yaliyomwagwa yalikuwa mambo ya wote, yenye pande mbili, na wote waliyakiri hadharani. Hayo yalistahili kusamehewa. Majina hewa yalikuwa ubadhirifu wa wachache, na hakuna aliyeyakiri. Azimio la "ya nyuma yamekwisha" liliyafunika bila hata kuyaona. Kama mtu mmoja angeuliza swali moja siku ile, "kilo zilizozidi shoti zililipwa kwa nani?", mwenyekiti asingepata msimu wa pili. Anayesimamia upatanisho wa namna hii ahakikishe kinachosamehewa kimetajwa kwa jina na kwa kiasi.

Udhaifu mwingine ulikuwa kuikabidhi mizani ya pili kwa kijana mmoja aliyelipwa na bodi. Ni kama waliongeza karani wa pili. Mizani ilifanya kazi ilipokuwa kwa watu waliokuwa wakulima wenyewe, wakibadilishana zamu, na wakiwa na mahali pengine wanapojibu maswali kila wiki. Kwa chama kinachotaka kuiga, hili lina uzito kuliko aina ya mizani. Mashine ya kidijitali inazuia kuchezea mshale, lakini haimjui marehemu. Aliyemjua ni jirani aliyesoma orodha ukutani.

Hali ilivyo sasa

Karani mpya analipwa mshahara wa mwezi kwa kipindi cha ununuzi, na kamisheni imefutwa. Orodha hubandikwa kila Jumamosi. Ada ya kukagua mizani imepitishwa kwenye bajeti kabla ya posho za vikao, kwa kura, baada ya ubishi mkali. Shauri la mwenyekiti wa zamani bado liko kwa wachunguzi na sehemu ya fedha haijarudi.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni bei. Kampuni inalipa bei moja, iwe pamba imetenganishwa vizuri au imechumwa ovyo na majani yake, na kituo cha jirani kinaendelea kupokea iliyolowa. Wanachama wameandika barua kuomba nyongeza ya bei kwa pamba safi. Hawajajibiwa. Msimu uliopita magunia yaliyorudishwa kwenye turubai yalianza kuongezeka tena, na wawili kati ya wenye magunia hayo ni wanawake wa kikundi cha Mama M.